Mtihani wa utayari: Marekani yatafuta mstari usioonekana

Mwezi Novemba mwaka 2025, kamati ya wahadhiri na watawala wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, ilitoa ripoti iliyowashtua wengi katika duru za elimu nchini Marekani. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, takribani mwanafunzi mmoja katika kila wanane walioingia mwaka wa kwanza hakuwa na ujuzi wa hisabati unaofikia kiwango cha sekondari ya juu. Wengi wa hao, yaani kiasi cha mmoja katika kila kumi na wawili wa mwaka huo wote, hawakufikia hata kiwango cha madarasa ya kati. Katika muda wa miaka mitano tu, tangu 2020, idadi ya wanafunzi wa namna hiyo ilikuwa imeongezeka kwa karibu mara 30.

Walipoulizwa ni nambari gani ikijumlishwa na 6 itakuwa sawa na 7 jumlisha 2, takribani robo ya wanafunzi waliopangiwa kozi ya marekebisho walikosa.

Udhaifu huo peke yake usingezua mjadala mkubwa kiasi hicho. Lililowakera wahadhiri ni kwamba wengi wa wanafunzi hao walikuwa na vyeti vya shule vilivyojaa alama za juu za hisabati. Chuo kiliwapokea kwa kutegemea vyeti hivyo, kwani mwaka 2020 uongozi wa mfumo mzima wa Chuo Kikuu cha California uliamua kuachana na mitihani ya SAT na ACT, ukisema inawapendelea watoto wa matajiri. Ripoti ilitaja sababu kadhaa: shule kufungwa wakati wa janga la korona, walimu kutoa alama kwa ukarimu uliopita kiasi, chuo kupanua milango kwa shule zisizo na nyenzo, na kuondolewa kwa mitihani hiyo.

Hapo limefufuka swali ambalo Marekani imelitolea mamia ya mamilioni ya dola bila ya kulipatia jibu la kudumu: je, inawezekana kutunga mtihani mmoja, wa namna moja kwa wote, utakaosema kwamba kijana huyu yuko tayari kwa chuo na kwa kazi, na yule bado?

Kutoka kufaulu hadi kuwa tayari

Mwanzoni shabaha haikuwa utayari. Sheria iliyotiwa saini na Rais George W. Bush mwezi Januari mwaka 2002, iliyobeba ahadi ya kutomwacha mtoto yeyote nyuma, ilizitaka shule zote za umma ziwapime wanafunzi kusoma na hisabati kila mwaka kuanzia darasa la 3 hadi la 8, na mara moja tena katika sekondari ya juu. Ilitaka kila mtoto awe amefikia kiwango cha umahiri ifikapo mwaka 2014. Lakini iliyaachia majimbo yenyewe uhuru wa kuamua umahiri ni nini.

Matokeo yake yangeweza kubashiriwa na mtu yeyote aliyewahi kuona mchuuzi akiruhusiwa kujichongea kibaba chake mwenyewe. Wachunguzi wa takwimu wa serikali kuu walipovilinganisha viwango vya majimbo na mtihani wa kitaifa wa sampuli, unaojulikana kwa kifupi kama NAEP, waligundua tofauti kubwa mno. Katika majimbo mengi, mtoto wa darasa la 4 aliyetangazwa kuwa mahiri wa kusoma hakuwa amefikia hata ngazi ya chini kabisa ya mtihani huo wa kitaifa. Wazazi walikuwa wakiletewa habari njema kila mwaka, na vyuo vilikuwa vikiwapokea vijana wasioweza kuanza masomo bila ya kurudishwa nyuma.

Ndipo likaja wazo la kuanza mwisho na kurudi mwanzo. Badala ya kuuliza mtoto amejifunza nini katika yale aliyofundishwa, mtihani uulize anahitaji kujua nini ili afaulu mwaka wa kwanza wa chuo, kisha viwango vya kila darasa vishuke kutoka hapo kama ngazi. Mwezi Juni mwaka 2010 magavana na wakuu wa elimu wa majimbo walitangaza viwango vya pamoja vya lugha na hisabati. Mwezi Septemba mwaka huohuo serikali ya Rais Barack Obama ikatoa kiasi cha dola milioni 330 kwa miungano miwili ya majimbo ili itunge mitihani mipya. Mmoja uliitwa PARCC, na maneno ya utayari kwa chuo na kazi yamo ndani ya jina lake lenyewe. Mwingine ni Smarter Balanced. Kwa pamoja iliandikisha zaidi ya majimbo 40.

Mstari unachorwaje?

Wengi hudhani kwamba mstari wa kufaulu ni kitu kinachogunduliwa, kama vile daktari anavyogundua homa kwa kipimajoto. Sivyo. Mstari huamuliwa na watu waliokaa mezani.

Njia ya kawaida ni hii. Maswali hupangwa kutoka jepesi hadi gumu, na jopo la walimu na wahadhiri hupewa kitabu hicho. Kila mmoja huweka alama pale anapoona mwanafunzi aliye tayari angeanza kushindwa. Hujadiliana, huonyeshwa takwimu za ni wanafunzi wangapi wangeanguka, kisha huweka alama tena. Wastani wa maoni yao hupelekwa kwa wakuu wa elimu, ambao ni wanasiasa au wateule wa wanasiasa, na hao ndio wenye neno la mwisho. Smarter Balanced ilipofanya zoezi hilo mwaka 2014, makadirio yalionyesha kuwa asilimia 41 tu ya wanafunzi wa darasa la 11 wangefikia kiwango katika lugha, na asilimia 33 katika hisabati.

PARCC ilijaribu kuuweka mstari wake juu ya msingi mgumu zaidi. Ilitamka wazi: mwanafunzi aliye tayari ni yule mwenye uwezekano wa asilimia 75 wa kupata angalau alama C katika kozi za kwanza za chuo. Kwenye mizani yake ya kuanzia 650 hadi 850, mstari huo ulikuwa 750. Wenye mitihani ya SAT na ACT nao hutumia kipimo kinachofanana na hicho.

Ni maelezo ya kiungwana, kwa sababu yanaweza kuhakikiwa. Lakini yafaa yasomwe kwa makini. Asilimia 75 maana yake ni kwamba katika kila wanafunzi wanne wanaosimama juu ya mstari, mmoja anatarajiwa kushindwa ingawa ameambiwa yuko tayari. Na yule aliyepata 748, ambaye barua imekwenda kwa wazazi wake kusema hajawa tayari, uwezekano wake wa kufaulu unakaribia kulingana na wa mwenzake wa 750. Takwimu inasema habari za kundi. Barua inasema habari za mtoto mmoja. Baina ya mambo hayo mawili pana bonde ambalo hakuna fundi wa mitihani aliyelijengea daraja.

Mwaka 2015 Massachusetts, jimbo linalosifika kwa shule zake, lilitaka kujua kama mtihani mpya unashinda ule wake wa zamani katika kutabiri mafanikio ya chuoni. Taasisi ya utafiti ya Mathematica iliwapa wanafunzi wa vyuo mmoja au mwingine kati ya mitihani hiyo miwili na kulinganisha na alama zao za chuo. Ikaonekana kwamba mitihani hiyo inalingana katika utabiri. Tofauti ilikuwa mahali pa mstari: katika hisabati, PARCC ilikuwa imeuweka juu zaidi. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali.

Ngoma ivumayo

Muungano wa PARCC haukudumu. Georgia ilijitoa mwaka 2013 ikitaja gharama, ingawa bei iliyotarajiwa wakati huo haikufika dola 30 kwa mwanafunzi. Maswali yanayomtaka mtoto aandike, ajenge hoja na kutumia ushahidi husahihishwa na watu, na watu hulipwa. Yale ya kuchagua jibu husahihishwa na mashine kwa senti chache. Ilipofika majira ya kuchipua ya mwaka 2015, majimbo 11 tu na mji mkuu Washington ndiyo yaliyoufanya mtihani wa PARCC. Mwaka huohuo, katika jimbo la New York, ambalo lilikuwa na mtihani wake lenyewe uliofuata viwango vipya, takribani mtoto mmoja kati ya watano alizuiwa na wazazi wake kuingia katika chumba cha mtihani.

Kilichouvunja muungano huo hakikuwa kasoro ya maswali. Wahafidhina waliona mkono wa serikali kuu katika shule zao. Vyama vya walimu viliona kiboko, kwani matokeo yaleyale ya watoto yalikuwa yametumika kuwapima walimu. Wazazi waliona saa nyingi za mitihani na barua zinazosema watoto waliokuwa mahiri mwaka jana si mahiri tena. Mwezi Desemba mwaka 2015 sheria ya Bush ilifutwa na nyingine ikaletwa, ambayo ilibakiza mitihani ya kila mwaka lakini ikayarudishia majimbo madaraka ya kuamua kinachofuata baada ya matokeo. Miaka michache baadaye jina la PARCC lilikuwa limetoweka karibu kabisa. Smarter Balanced imesalia, hasa katika majimbo ya magharibi kama California na Washington.

Tangu hapo mstari umekuwa ukisogezwa tena. Wisconsin ilibadilisha mipaka yake ya alama pamoja na majina ya ngazi mwaka 2024. Illinois ilifuata mwezi Agosti mwaka 2025, ikieleza kuwa mipaka yake ya zamani ilikuwa juu mno na iliwaita vijana wengi hawajawa tayari ilhali walikuwa wakifanya vizuri chuoni. Yawezekana kabisa kwamba Illinois ina haki. Lakini asilimia ya waliofaulu ilipopanda, mzazi wa kawaida hakuwa na njia ya kujua ni kiasi gani kimetokana na watoto na kiasi gani na kalamu ya wakuu.

Wasomaji wa Tanzania hawahitaji kuelezwa mambo haya kwa mifano ya mbali. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa mwezi Februari mwaka 2013, yaliwapa daraja sifuri takribani asilimia 60 ya watahiniwa. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, aliunda tume, na mwezi Mei serikali ikayafuta matokeo hayo na kuagiza alama zipangwe upya. Idadi ya sifuri ikapungua. Wanafunzi walikuwa walewale na karatasi zilezile. Kilichobadilika ni kanuni ya kupanga alama.

Na kazi je?

Katika msemo huu wa utayari kwa chuo na kazi, neno la pili limekuwa kama mgeni aliyealikwa kwa adabu bila ya kuwekewa kiti. Watunga mitihani wengi walijitoa katika tabu hiyo kwa kudai kwamba ujuzi unaohitajika chuoni na kazini ni mmoja. Ni dai linalopendeza, na ushahidi wake ni haba.

Walioujaribu ukweli huo kwa dhati ni wasimamizi wa mtihani wa NAEP. Waliwakusanya wakufunzi wa kazi tano: mafundi wakuu wa magari, mafundi wa mitambo ya joto na baridi, wasaidizi wa watumiaji wa kompyuta, wauguzi wa ngazi ya cheti na wasaidizi wa wafamasia. Waliwaonyesha maswali ya darasa la 12 na kuwauliza ni yapi mwanafunzi wa kazi yao anapaswa kuyaweza. Majibu hayakukutana. Sehemu kubwa ya hisabati ya mtihani haikuwahusu, na mambo waliyoyataka wao hayakuwemo. Mwaka 2013 wasimamizi hao walikubali alama za kukadiria utayari wa kitaaluma kwa chuo, 302 kwa kusoma na 163 kwa hisabati, lakini kuhusu mafunzo ya kazi hawakutoa alama yoyote. Huo ni uaminifu usioonekana mara nyingi katika biashara hii. Kwa kipimo chao, asilimia 35 ya wanafunzi wa darasa la 12 walikuwa tayari kwa chuo katika kusoma mwaka 2024, na asilimia 33 katika hisabati. Mwaka 2019 ilikuwa asilimia 37 kwa kila somo.

Taasisi moja imefanikiwa kwa kiasi fulani kupima utayari wa kazi, nayo ni jeshi. Mtihani wake wa ASVAB, ulioingizwa mashuleni mwaka 1968 na kutumiwa na vikosi vyote kuanzia 1976, huamua kijana apelekwe kwenye rada, jikoni au kwenye injini. Jeshi linaweza, kwa sababu linayashika mambo yote mawili: alama za kijana siku ya kwanza na mwenendo wake kazini miaka inayofuata.

Na ni jeshi hilohilo lililotoa, bila ya kukusudia, somo kubwa kuliko yote kuhusu mistari ya alama. Kati ya mwaka 1976 na 1980 mizani ya mtihani huo ilikuwa na hitilafu ya hesabu, na mamia ya maelfu ya vijana ambao kwa kawaida wangekataliwa waliingizwa jeshini. Kosa lilipogunduliwa, watafiti waliwafuatilia. Kwa jumla walikuwa nyuma kidogo ya wenzao, lakini wengi wao walikuwa wamemaliza mafunzo na wanafanya kazi zao. Mstari ungewazuia wote.

Cheti dhidi ya mtihani

Kama mtihani una mapungufu hayo, kwa nini usiaminiwe mwalimu aliyekaa na mtoto kwa miaka minne? Utafiti wa Elaine Allensworth na Kallie Clark wa Chuo Kikuu cha Chicago, uliochapishwa mwaka 2020, uliunga mkono hoja hiyo. Uliwafuatilia wahitimu wa shule za umma za mji huo na kuona kwamba wastani wa alama za shuleni hutabiri kumaliza chuo kwa nguvu kubwa zaidi kuliko mtihani wa ACT. Sababu inaeleweka: alama za miaka minne hupima pia subira, mahudhurio na tabia ya kumaliza kazi.

Vyuo vya kale vya kifahari vimefikia uamuzi wa kinyume. Taasisi ya MIT ilirudisha sharti la mtihani mwaka 2022. Dartmouth, Yale, Brown na Harvard vikafuata mwaka 2024. Hoja yao ni kwamba miongoni mwa waombaji wao karibu kila mmoja ana alama za juu za shule, hivyo cheti hakitofautishi tena. Dartmouth iliongeza jambo lisilotarajiwa: vijana wa familia duni walikuwa wakificha alama za mtihani ambazo zingewasaidia kupokewa.

Pande hizo mbili hazipingani kama zinavyodhaniwa. Chuo kinachokataa tisa katika kila waombaji kumi kinatafuta kitu kimoja, na chuo cha jamii kinachompokea kila abishaye hodi kinatafuta kingine. Katika vyuo hivyo vya jamii, mtihani mfupi wa kompyuta wa kuwapanga wageni ulikuwa kwa miaka mingi ukiwapeleka mamilioni katika kozi za marekebisho zisizohesabiwa katika shahada. Judith Scott-Clayton wa Chuo Kikuu cha Columbia alionyesha mwaka 2012 kwamba takribani robo ya waliopimwa hisabati na theluthi ya waliopimwa Kiingereza walipangwa pasipowafaa hata kidogo, na kosa la kumrudisha nyuma aliye tayari lilikuwa la kawaida zaidi. California ilipitisha sheria mwaka 2017 ya kuvitaka vyuo vyake vya jamii vitazame kwanza alama za shule. Jimbo ni hilohilo la San Diego.

Kwa familia za Waafrika Mashariki nchini Marekani mabishano haya si ya vitabuni. Wakongomani wamekuwa miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi waliopewa makazi huko katika miaka ya karibuni, na wengi wao huzungumza Kiswahili. Kijana anayefika akiwa na miaka 16 kutoka kambini, ambaye huenda vyeti vyake vimepotea, hana alama za miaka minne za kuonyesha. Sheria inaruhusu asamehewe mtihani wa kusoma mara moja katika mwaka wake wa kwanza, hisabati hufanya. Na maswali ya hisabati ya kizazi hiki, yaliyotungwa ili kupima hoja badala ya hesabu tupu, ni hadithi ndefu za Kiingereza. Akikosa, karatasi haisemi kama kilichomshinda ni sehemu au ni sentensi.

Kenya nayo imeanza

Nchini Kenya, mtihani wa KCPE uliokuwa ukifunga elimu ya msingi tangu mwaka 1985 ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mwishoni mwa mwaka 2025 zaidi ya watahiniwa milioni moja wa gredi ya 9 walifanya kwa mara ya kwanza tathmini ya KJSEA, na mwezi Januari mwaka 2026 wakaingia sekondari ya juu kwa mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Alama ya mwisho ina sehemu tatu. Asilimia 60 hutoka katika mtihani wenyewe, 20 katika tathmini ya gredi ya 6, na 20 katika kazi zilizosimamiwa na walimu wao shuleni katika gredi ya 7 na 8.

Mchanganyiko huo ni wa busara kuliko ule wa karatasi moja ya siku tatu. Hata hivyo, unabeba maradhi ya pande zote mbili. Asilimia 20 za mwalimu zitakabiliwa na kishawishi kilekile cha ukarimu kilichowafikisha wale vijana San Diego, hasa pale mwalimu anapojua kuwa jirani yake ameshakuwa mkarimu. Na mikondo ni mstari uliochorwa juu ya watoto wa miaka 14 na 15, wakati Marekani inababaika kuuchora juu ya vijana wa 17 na 18. Shule isiyo na maabara haiwezi kufundisha mkondo wa sayansi hata kama nusu ya wanafunzi wake wamepimwa na kuonekana wanaufaa. Tanzania, ambayo tangu mwaka 2024 imeanza kutekeleza mtaala wenye mkondo wa jumla na mkondo wa amali katika sekondari, itakutana na hesabu hiyohiyo ya karakana na mafundi.

Alama zinazomwelekeza mtoto wa Kenya kwenye mkondo fulani bado hazijalinganishwa na chochote kilichotokea baadaye, kwa sababu hakuna kilichokwisha kutokea. Kundi la kwanza litamaliza gredi ya 12 mwaka 2028. Vyuo vikuu na waajiri wataanza kuwapokea vijana hao mwaka 2029. Ili wakati huo iwezekane kujua kama mstari wa mwaka 2025 ulichorwa mahali pake, kumbukumbu za kila mtahiniwa, pamoja na za wale waliopelekwa mkondo wasioutaka na wale watakaoacha shule njiani, zinapaswa kuanza kuwekwa sasa.